Mwacheni Kitinda Amalize

"…imekatika tena, jamani! Tena! Hivi huu mtandao tumeukosea nini?"

Mama alikuwa anafoka. Mkono mmoja umeshika simu, mkono mwingine umeshika nywele za mteja, hauachii. "Halo? Baba Kitinda? Halo!" Kimya. Akaitupa simu mapajani mwa mteja, akaendelea kusuka.

"Ndiyo mitandao hiyo," mteja akasema. "Akikupigia usiyemtaka, inanata kama gundi. Akikupigia mumeo, puu!"

Saluni nzima ikacheka. Mama akacheka. Bibi, aliyekuwa anachambua nywele bandia pembeni, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Kitinda hakucheka. Alikuwa amesimama pale pale, karibu na kioo, mdomo wazi kidogo. Yeye peke yake alijua ukweli. Simu haikukatika. Mtandao haukuwa na kosa lolote.

Ilikuwa hivi. Mama alimpa simu, akamwambia, "Haya, msalimie baba yako, fanya haraka, wenzake wanasubiri!" Kitinda akafungua mdomo. Alitaka kusema neno moja tu: Baba. Lakini ile B ikakwama. Midomo ikabana, shingo ikakaza, sauti ikagoma kutoka. Upande wa pili Baba akasema, "Halo? Mwanangu? Mnanisikia?" Akasubiri kidogo. "Ah, imekatika." Na Baba mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, akakata.

Kila Jumapili hivyo hivyo. Miaka miwili!

Baba ni dereva wa greda. Anatengeneza barabara mbali, mbali kweli. Kambi yao iko bondeni, na bondeni hakuna mtandao hata wa dawa. Jumapili mchana wafanyakazi wanapanda kilima. Huko juu kuna jiwe moja, na ni hapo tu simu inashika. Basi wanapanga foleni, wanaume wazima, kama watoto kwenye bomba la maji. Kila mtu dakika zake chache. Ukizidisha, wa nyuma anakohoa.

Sasa niambie, mtu ambaye B inamchukua nusu dakika atasema nini kwenye dakika chache?

Na Kitinda alikuwa na mengi! Baba aliondoka yeye akiwa na miaka saba. Sasa ana tisa. Alikuwa na maneno ya miaka miwili kifuani, yamekunjwa kama nguo sandukuni. Alitaka kumwambia jino la mbele limeota. Alitaka kumwambia paka amezaa ndani ya kapu la nywele bandia, na Mama alipiga kelele mtaa ukajaa. Zaidi ya yote, alitaka kumwambia kwamba shati lake la kazi bado linaning'inia nyuma ya mlango, na kila asubuhi yeye hulinusa kabla ya kwenda shule, na siku hizi harufu inakwisha. Inakwisha kweli. Imebaki kidogo kwenye kola tu.

Nani wa kumwambia hayo? Nyumba yao, jamani, ni nyumba ya maneno! Chumba cha mbele ndiyo saluni. Humo watu wanaongea tangu asubuhi mpaka jioni, wawili wawili, watatu watatu, bila kupokezana. Mama mdomo wake haukauki. Bibi, mama yake Baba, ndiye mwalimu wao wote. Wakubwa zake Kitinda wameshahamia kwao, lakini wakija wanaongea kama redio nne zimewashwa pamoja.

Na wote wanampenda Kitinda. Hapo ndipo penye kazi. Wanampenda mpaka wanamsaidia kuongea.

"Mama, na-na-naomba m—"

"Maji? Kachote mtungini."

Siyo maji. Alitaka mkasi. Lakini basi tu, anakwenda kunywa maji. Mtoto alikuwa anakunywa maji mengi nyumba ile, acha tu!

Bibi naye alikuwa na dawa yake. Aliamini kigugumizi ni kama kwikwi, kinaondoka mtu akishtuliwa. Basi alikuwa ananyata na mifuniko miwili ya sufuria, anatokea nyuma ya Kitinda, kwaa! Kitinda anaruka hivi. "Haya, mke mwenzangu, sema sasa!" Kitinda hasemi. Siku moja mteja ndiye aliyeshtuka, akakimbilia barabarani kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Hakurudi mpaka kesho yake.

Shuleni ndiyo kulikuwa kubaya zaidi. Darasani kwao kusoma kulikuwa kwa zamu. Unasimama, unasoma mistari mitano, unakaa. Kitinda aliposimama, neno la kwanza lilikwama. Mwalimu wa zamani alikuwa anangoja kidogo, halafu anasema, "Kaa. Mwingine." Muhula ulipokwisha, akaandika kwenye ripoti: *Hajui kusoma.* Kitinda akahamishiwa benchi la nyuma, la wanaojifunza a, e, i, o, u. Huko alikaa na rafiki yake mmoja, anaitwa Karibu-Karibu, kwa sababu anasoma kitabu pua ikigusa karatasi. Wavulana wa mbele walimpa Kitinda jina pia. Redio Mbovu.

Kitinda aliisoma ripoti ile mwenyewe, njiani, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alisoma mpaka lile neno *hajui*.

Halafu akaja mwalimu mpya.

Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi, anatembea kati ya madawati kama anatafuta kitu kilichodondoka. Wiki ya kwanza aliwaambia darasa zima lisome pamoja, kwa sauti moja. Yeye akawa anazunguka, anatega sikio. Alipofika benchi la nyuma akasimama. Akainama. Alisikia sauti nzuri, nyororo, inapita juu ya maneno kama maji juu ya kokoto. Haikosei hata nukta.

"Nani huyu?" akauliza.

"Redio Mbovu, mwalimu!" mvulana mmoja akasema. "Hajui kusoma."

"Hajui kusoma, na mimi nimemsikia?"

Siku ile mwalimu alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Kule kabatini kulikuwa na kishikwambi, kile kifaa kama simu lakini kipana kama sahani. Kililetwa shuleni mihula mitatu iliyopita. Mwalimu mkuu alikifungia, na katoni yake, na plastiki yake, kisije kikaharibika.

"Watoto watakivunja," mwalimu mkuu akasema.

"Mwalimu mkuu, humo kabatini kinamfundisha nani? Mende?"

Mwalimu mkuu alikuna kichwa. Akatoa ufunguo.

Hapo sasa ndipo mambo yalipoanza kunoga! Kifaa kimoja, darasa la watoto arobaini na wawili. Mwalimu hakukipitisha kwa wote kama sinia la karanga. Aliangalia kwanza nani amefungiwa mlango gani. Karibu-Karibu alipiga picha ukurasa wa kitabu, akatanua herufi kwa vidole viwili mpaka *i* ikawa kubwa kama kijiko. "Mama yangu!" Karibu-Karibu akapiga kelele. "Kumbe kuna nukta!" Mwalimu akaita wazazi wake, wakaambiwa wampeleke akapimwe macho. Mvulana mmoja wa dirishani, ambaye sikio lake moja halisikii, aliangalia somo la sayansi kwenye kioo, maneno yakipita chini kwa maandishi. Alilirudia mara tatu, hakuna aliyemwambia "umeshachelewa."

Ikafika zamu ya Kitinda. Mwalimu alimpeleka kwenye stoo ya vitabu, kwenye utulivu. Akamvalisha waya za masikioni.

"Humu nimejirekodi mimi nasoma," akasema. "Utanisikia. Soma pamoja na mimi, kama vile mnavyosoma darasani wote. Ukikwama, kwama tu. Hakuna anayekusubiri, hakuna anayekukimbiza. Ukiwa tayari, bonyeza hapa ujirekodi. Ukitaka kufuta, futa. Mimi nakaa nje."

Akatoka. Akafunga mlango.

Kitinda alikaa juu ya boksi la chaki. Sauti ya mwalimu ikaanza kusoma masikioni, naye akaingia nayo, pole pole, kama mtu anayeshikwa mkono kuvuka mtaro. Maneno yakatoka. Akarudia. Mara ya tatu alivua waya moja. Mara ya nne alivua zote mbili, akasoma peke yake. Alikwama mara tano. Alikwama kweli, mpaka miguu ikacheza. Lakini hakuna aliyesema "kaa, mwingine." Kifaa kilisubiri. Neno likaja lenyewe, likatoka, likafuatwa na jingine.

Akasoma hadithi nzima, kurasa nne. Hadithi ya darasa la tano!

Mwalimu alisikiliza ile rekodi peke yake, amesimama uani. Alipomaliza alirudi stoo kwa Kitinda. Halafu akamuuliza, "Nikae nayo mimi tu, au unataka wenzako wasikie? Wewe ndiye mwenye sauti, wewe ndiye msemaji."

Kitinda akafikiri. Akaonyesha kidole darasani.

Basi ikachezwa. Watoto arobaini na mmoja wakasikiliza, hata nzi aliheshimu. Ilipokwisha, yule mvulana wa mbele akasema, "Ee! Redio Mbovu imepona!"

Kitinda akasimama. Uso ulimwaka moto. "R-r-r…" Darasa likangoja, maana mwalimu alikuwa ameinua mkono. "R-redio ni nzima. M-m-msikilizaji ndiye mbovu."

Wee! Darasa lilivyocheka! Na mara hii hawakumcheka yeye. Siku ile ile akahama benchi la nyuma.

Ungedhani basi, furaha imekamilika. Lakini Jumapili ikafika, na Jumapili haikujua habari za stoo ya vitabu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amekuja saluni kusukwa. Alikaa kwenye kigoda, kichwa mikononi mwa Mama. Simu ikaita. Mama akaiweka sauti ya juu kama kawaida yake, saluni nzima isikie.

"Msalimie baba yako, haraka!"

Kitinda akashika simu kwa mikono miwili. Alikuwa amejizoeza wiki nzima. B ikakwama.

"Halo?" Baba akasema. Kimya. Safari hii hakukata. Akashusha pumzi. "Mama Kitinda, chukua simu. Usimlazimishe mtoto. Kumbe si mtandao, kila nikipiga hataki kusema na mimi. Aliniona akiwa mdogo. Amenisahau, ndiyo dunia."

Kitinda alisikia. Aliweka simu mezani taratibu, kama yai, akatoka nje. Akaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, kati ya mashuka. Hakulia kwa sauti. Hata kilio kilikwama.

Amenisahau! Yeye! Ambaye anajua Baba hufunga kamba ya kiatu cha kushoto kwanza!

Mwalimu alimfuata, nywele zimetimka upande. Hakusema pole. Alitoa simu yake tu. "Mlimani wana dakika chache," akasema. "Lakini ujumbe wa sauti haupangi foleni. Ukituma leo, akipanda ataukuta unamngoja. Unataka?"

Kitinda akatikisa kichwa kukubali, haraka haraka.

Wakarudi ndani. Mwalimu akaweka simu mezani, akabonyeza. Kitinda akaanza. Mama, jamani, kwa mapenzi yake, akasogea. Bibi naye akasogea. Mteja aliyekuwa anangoja akasogea. Dakika tatu baadaye mwalimu akazima, akasema, "Sasa tusikilize."

Wakasikiliza. Simu ikasema hivi:

"B-b…"

"Baba! Sema Baba."

"Vuta pumzi, mke mwenzangu."

"B-baba, sh-sh…"

"Shule! Anataka kusema shule. Shule anaendelea vizuri, Baba Kitinda."

"H-hapana, sh-shati l-l…"

"Shati la shule limechanika, nitamshonea. Haya endelea, mwanangu, mbona umenyamaza?"

Halafu Bibi, halafu Mama, halafu mteja anasema mtoto amepauka, apakwe mafuta. Sauti ya Kitinda haikurudi tena.

Saluni ilinyamaza. Nyumba ile haikuwahi kunyamaza hivyo.

Mama alikuwa ameshika kitana, amekisahau hewani. "Rudia," akasema.

Mwalimu akarudia. Mama akasikiliza ameinama. "Hiyo sauti inayomkatakata mtoto ni yangu?"

"Ni yako, mama. Na ya Bibi kidogo."

"Kidogo?" Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyejaa humo kama pilipili."

"Mimi nilidhani namsaidia," Mama akasema. Macho yalimjaa. "Kitinda, ulitaka kusema nini? Kuhusu shati?"

Kitinda akafungua mdomo. Mama akafungua wake. Kisha Mama akachukua kitana, akakiuma kwa meno, akangoja.

Ilichukua muda. "Sh-shati la Baba," Kitinda akasema, "ha-harufu inakwisha."

Mama alikaa chini kwenye nywele.

Mwalimu akawaeleza, bila hotuba. "Kigugumizi siyo ujinga, siyo woga, wala hakiambukizi. Mtoto anajua anachotaka kusema, neno ndilo linachelewa mlangoni. Mfuniko wa sufuria hautasaidia, Bibi."

"Nimesikia, nimesikia."

"Msimmalizie neno. Msimwambie vuta pumzi, mnamkumbusha tu. Mtazameni usoni, mngoje, kama mnavyongoja mtu mwingine yeyote. Na kwenye hospitali kubwa wako wataalamu wa kuongea, mkipata nafasi mpelekeni, atafundishwa mbinu. Hizi simu na vishikwambi vinasaidia kwa sababu vina subira. Lakini kifaa hakiwezi kuwa na subira badala ya mama."

"Na darasani?" Mama akauliza, kitana kimeshatoka mdomoni. "Ripoti inasema hajui kusoma."

"Anasoma kuliko wote. Ripoti nitaiandika upya mimi."

Jioni ile, kabla jua halijazama, Mama alimpa Kitinda simu yake, akafunga mlango wa chumba, akakaa nje mlangoni kama askari. Wateja wakifika anaweka kidole mdomoni. Bibi alijaza maji mdomoni asije akasahau, akakaa mashavu yamevimba. Ndani, Kitinda alirekodi. Akafuta. Akarekodi tena. Ya tatu hakuifuta, ingawa alikwama mara nyingi kuliko ya pili. Alibonyeza, ikaenda.

Halafu wiki! Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Baba yuko bondeni, ujumbe uko hewani, haujui pa kutua. Kitinda alikuwa anatoka shule mbio, anatazama simu. Mama anatikisa kichwa. Ijumaa ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Jumamosi mwalimu alimpa kishikwambi asome mashairi, akasoma, lakini macho yalikuwa dirishani, yanatafuta kilima ambacho hakipo.

Jumapili mchana simu haikuita saa yake ya kawaida. Foleni ya mlimani ilishakwisha, kila mtu alijua. Mama alisuka kichwa kimoja, akakosea, akafumua. Saa kumi na moja jioni ikaita.

Mama hakuiweka sauti ya juu. Alimpa Kitinda mkononi, akawageuzia wote mgongo.

"Mwanangu," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ametoka kwenye mafua. "Nimepata ujumbe wako. Nimeusikiliza mara sita hapa kwenye jiwe. Wenzangu wananikoholea, nikawaambia piteni, mimi leo ni wa mwisho. Wameshashuka wote. Niko peke yangu. Kumbe hukuwa umenyamaza. Mimi ndiye nilikuwa nakata. Miaka miwili, mwanangu, nakukata mdomoni. Haya. Sema. Sina wa nyuma yangu."

Kitinda akafungua mdomo. B ikakwama. Upande wa pili, upepo ulikuwa unavuma. Hakuna halo. Hakuna mnanisikia. Ulisikika upepo tu, na mtu anapumua.

"B-b-baba."

"Naam, mama."

Hapo akaanza. Akasimulia jino. Akasimulia paka, na kapu, na Mama alivyoruka juu ya kigoda, na Baba akacheka mpaka simu ikakwaruza. Alikwama, akangojwa, akaendelea. Akasimulia stoo ya vitabu na boksi la chaki. Alikuwa hajafika hata nusu.

"Mama," Baba akasema taratibu, "jua linazama huku. Njia ya kushuka ni mbaya, ni lazima niione."

Kitinda alitaka kumwambia rudi nyumbani. Alitaka kumuuliza barabara hiyo itaisha lini. Lakini hayo yalikuwa marefu sana kwa jua lililobaki.

"B-bado sijamaliza," akasema.

"Najua. Jumapili…"

"H-h-hapana." Alishika simu kwa nguvu, akaingoja K itoke, na Baba akaingoja pamoja naye. "K-k-kesho. Nitakumalizia kesho."

Upepo ukavuma kule juu. Kesho ilikuwa Jumatatu, siku ya kazi. Kilima ni kirefu.

"Kesho jioni," Baba akasema. "Nitapanda."